Warsha za Ufundishaji kwa Wahadhiri: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yametoka kwa wahadhiri wenyewe. Mengine waliyauliza ukumbini, mengine walituvuta pembeni wakati wa chai wakayauliza kwa sauti ya chini. Haya ya pembeni ndiyo yaliyotufundisha zaidi, kwa hiyo hatukuyaacha.

Warsha hizi ni za nani?

Za yeyote anayesimama mbele ya wanafunzi wa chuo: mkufunzi msaidizi aliyeajiriwa mwezi uliopita, mhadhiri mwandamizi, profesa, daktari bingwa anayefundisha wodini, fundi sanifu anayesimamia mazoezi ya maabara. Fani na vyeo tunavichanganya kwa makusudi. Tumeshamwona profesa wa sheria akimuuliza mkufunzi msaidizi wa fizikia swali ambalo wanafunzi wa fizikia wangeona aibu kuliuliza, na jibu likawafaa wote wawili.

Nina shahada ya uzamivu. Kwa nini nifundishwe kufundisha?

Ni swali la haki. Mwalimu wa darasa la kwanza amepita chuo cha ualimu, ameandika maandalio ya masomo, amekaguliwa akiwa kwenye mazoezi ya kufundisha na kuambiwa arekebishe hapa na pale. Mhadhiri wa chuo kikuu ameajiriwa kwa ufaulu wake. Kwa Tanzania, mkufunzi msaidizi kwa kawaida anatakiwa awe na GPA (wastani wa alama za shahada) isiyopungua 3.8. Akishapokea barua ya ajira, haichukui muda anakabidhiwa vikundi vya semina. Katikati hapo hakuna aliyekaa naye kumwonyesha saa moja ya kufundisha inapangwaje. Anachofanya ni kuwakumbuka waliomfundisha yeye na kuwaiga, wazuri kwa wabaya.

Ujuzi wako wa somo hatuugusi. Tunachokishughulikia ni shida inayozaliwa na ujuzi huohuo. Mtu aliyeishi na dhana miaka kumi na tano hakumbuki tena ilivyomsumbua siku ya kwanza. Anaruka hatua tatu ubaoni na hajui kama ameruka. Tulikuwa na mwenzetu wa hisabati aliyeandika "ni dhahiri kwamba" kisha akashuka mstari unaofuata. Mhadhiri wa historia akanyoosha mkono: "Dokta, dhahiri kwa nani?" Ikamchukua dakika sita kuijaza nafasi ile ya mstari mmoja, na alipomaliza alikuwa ameandika hatua nne. Wanafunzi wake walikuwa wanaziruka pamoja naye kila mwaka, ila wao walikuwa hawafiki ng'ambo.

Wala jambo hili si la vyuo vichanga. Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, kilianzisha kituo cha kuwasaidia wahadhiri wake kufundisha mwaka 1962.

Siku tatu za warsha mnafanya nini hasa?

Siku ya kwanza tunayapitia malengo ya kozi zenu. Lengo linalosema "mwanafunzi ataelewa" tunalirudisha kwa mwenyewe: utajuaje kwamba ameelewa, utamwona akifanya nini? Siku ya tatu ni ya mitihani, tutaifikia huko chini. Siku ya pili ndiyo watu huikumbuka miaka mingi baadaye, kwa sababu ya somo la dakika kumi.

Kila mshiriki anafundisha kipande kidogo cha kozi yake kwa dakika kumi, wenzake wakiwa wanafunzi. Mtindo huu ulianzia Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 1963 kwa ajili ya walimu wanaojifunza kazi, na sisi hatujapata kitu kinachoushinda.

Mhadhiri mmoja wa uhasibu alichagua kufundisha uchakavu wa mali, yaani thamani ambayo mali hupoteza kadiri inavyotumika. Alikuwa mchangamfu, sauti inafika hadi nyuma, na mfano wake ulikuwa wa bodaboda. Ndani ya dakika kumi aliuliza "Tupo pamoja?" mara kumi na moja, na mara zote kumi na moja wenzake, watu wazima wenye shahada zao, wakaitikia "Ndiyooo!" Tulipoiangalia video tulimwomba ahesabu sekunde kati ya swali lake na sentensi iliyofuata. Hakuna mahali zilipofika mbili.

Kisha tukawagawia wale wenzake vipande vya karatasi. Bodaboda imenunuliwa shilingi milioni tatu, itatumika miaka mitano, mwishoni itauzwa laki tano. Uchakavu wa mwaka mmoja ni kiasi gani? Walikuwa kumi na wawili. Watano waliandika laki tano, ambalo ndilo jibu. Waliobaki karibu wote waligawa milioni tatu kwa tano wakaandika laki sita. Ile laki tano ya mwisho hawakuiondoa, ingawa aliitaja mara mbili. Dokta alizisoma zile karatasi moja moja, akaziweka mezani, akasema, "Kumbe ile 'ndiyo' ilikuwa salamu."

Mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, alipima jambo hilihili madarasani: walimu wengi husubiri kama sekunde moja tu baada ya kuuliza. Waliposubiri sekunde tatu au zaidi, majibu yalirefuka na wanafunzi waliokuwa kimya walianza kusema. Kwa hiyo tunafanya zoezi la kukaa kimya. Unauliza swali lenye jibu, unahesabu moyoni hadi tano, hujijibu. Linasikika jepesi; jaribu leo mbele ya watu utaona sekunde tano zilivyo ndefu.

Nitarekodiwa? Nani ataiona hiyo video?

Unarekodiwa kwa simu yako mwenyewe na unaondoka nayo. Hatubaki na nakala, na mkuu wa idara yako haletewi chochote.

Hayo ni ya darasa la watu thelathini. Mimi nina 400 ukumbini, wengine wamekaa kwenye ngazi.

Wengi wenu mko hivyo, na tunajua kwamba mtindo tulioupokea haukuundwa kwa ajili ya umati huu. Oktoba 1961 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipoanza, kikiwa bado tawi la Chuo Kikuu cha London, kilikuwa na wanafunzi wa sheria wasiofika ishirini, kwenye jengo la TANU Mtaa wa Lumumba. Mhadhiri angeweza kumtazama kila mmoja usoni. Leo kozi moja ya mwaka wa kwanza inaweza kujaza ukumbi mzima na bado tunafundisha kana kwamba tunaziona nyuso.

Msaada mkubwa kwa madarasa makubwa ulitoka kwa mtu aliyedhani hana tatizo. Eric Mazur, mwalimu wa fizikia Harvard, alikuwa anasifiwa na wanafunzi wake. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 aliwapa jaribio la maswali mepesi ya dhana, yasiyo na hesabu, akagundua kwamba waliokuwa wanakokotoa vizuri hawakuelewa kinachotokea. Akaanza kuukatisha mhadhara kwa swali moja: kila mtu ajibu peke yake, kisha amgeukie jirani na kumshawishi, kisha wajibu tena.

Hakuna kifaa kinachohitajika. Mimi ninayeandika haya nafundisha uchumi, na hulifanya hivi. Naandika ubaoni: "Bei ya unga wa sembe imepanda Kariakoo. Mstari wa mahitaji ya unga: 1, utahamia kulia; 2, utahamia kushoto; 3, hauhami." Mstari huo unaonyesha watu watanunua kiasi gani kwa kila bei. Dakika moja ya kimya, hakuna kuongea. Kisha nikisema "sasa", kila mtu anaweka vidole kifuani, kimoja, viwili au vitatu, kwa namna ambayo mimi naviona na jirani haoni. Mara ya kwanza nilipojaribu, ukumbi ulijaa vidole viwiliviwili. Nilikuwa nimelifundisha jambo hilo wiki iliyotangulia, kwa mchoro safi kabisa.

Sikusema jibu. Niliwaambia wageukiane, kila mmoja amweleze jirani yake kwa nini. Kelele zilipanda mpaka mlinzi akachungulia mlangoni. Katikati ya ukumbi kijana mmoja alikuwa anamwambia mwenzake, "Wewe unga ukipanda si unanunua kilo moja badala ya mbili? Basi umetembea juu ya mstari uleule, hujauhamisha." Hakutumia neno hata moja la kitabuni, na alikuwa sahihi: bei ya bidhaa yenyewe ikibadilika tunasogea juu ya mstari, mstari unahama kikibadilika kitu kingine, kama kipato, bei ya mchele au idadi ya walaji. Tulipopiga kura ya pili, vidole vitatu vilikuwa vimeenea ukumbini.

Kanuni ya kukusaidia ni hii. Waliopata kwenye kura ya kwanza wakiwa chini ya theluthi, rudi ufundishe upya, kwa kuwa hakuna wa kumshawishi mwenzake. Wakiwa zaidi ya theluthi mbili, eleza kwa kifupi na usonge. Hapo katikati ndipo mjadala wa majirani unapozaa. Maswali mawili kwa saa moja yanatosha. Kazi ngumu ni kutunga swali ambalo jibu lake la makosa lina mvuto, na hilo tunalifanyia mazoezi mchana mzima.

Nikifanya hivyo silabasi sitaimaliza.

Huenda kweli usiimalize kama ulivyozoea. Ila silabasi unaweza kuimaliza hata ukumbi ukiwa mtupu. Kinachotakiwa ni wao wafike. Kila kozi ina mada tatu au nne ambazo mwanafunzi asipozishika, zote zinazofuata anazikariri tu. Tunakusaidia kuzitambua. Hizo zipe muda na maswali, na nyingine uwape wasome wenyewe kwa mwongozo wa maswali matano ya kujibu kabla ya kipindi.

Mwaka 2014 mtafiti wa Marekani Scott Freeman na wenzake walikusanya tafiti 225 za masomo ya sayansi, uhandisi na hisabati vyuoni. Kwenye mihadhara ya kusikiliza tu, waliofeli walikuwa karibu asilimia 34. Mahali wanafunzi walipofanyishwa kazi ndani ya kipindi, karibu 22. Piga hesabu hiyo kwa darasa lako la 400, kisha uilinganishe na idadi ya wale wanaorudia mtihani kila Septemba.

Wanafunzi wangu watasema sifundishi, nawaachia wao kazi.

Baadhi watasema, na wana sababu. Mhadhara mzuri unateleza masikioni, unatoka ukumbini ukijiona umeelewa. Kubishana na jirani kunachosha na kunakuonyesha usichokijua. Utafiti uliofanywa Harvard kwenye madarasa ya fizikia na kuchapishwa 2019 uliwakuta wanafunzi walioshirikishwa wamejifunza zaidi, huku wao wenyewe wakiamini wamejifunza kidogo kuliko wenzao waliosikiliza tu.

Waambie mapema, wiki ya kwanza, kwa nini unafanya hivyo. Mpitie CR wao, yaani kiongozi wa darasa. Akielewa yeye, nusu ya malalamiko yameisha. Na usilegee wiki ya tatu, ndiyo huwa ngumu kuliko zote.

Naruhusiwa kueleza kwa Kiswahili?

Hili ndilo swali linaloongoza pale kwenye chai, na wengi wanaoliuliza wanafanya hivyo kila wiki, wakiangalia mlango.

Mwanafunzi wa Kitanzania aliyetoka shule ya kawaida amesoma shule ya msingi yote kwa Kiswahili, akaingia kidato cha kwanza akakuta masomo yamegeuka Kiingereza. Ripoti ya Tume ya Makweta kuhusu elimu, ya mwaka 1982, ilipendekeza Kiswahili kitumike sekondari na hatimaye vyuoni. Serikali ikabaki na Kiingereza. Kwamba Kiswahili kinaweza kubeba elimu ya chuo kikuu si jambo la kubishaniwa tena, kwa kuwa Idara ya Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam imekuwa ikifundisha kwa Kiswahili tangu 1970. Lakini wewe unafanya kazi chini ya kanuni za chuo chako, na kama zinasema mhadhara na mtihani ni kwa Kiingereza, hatukwambii uzivunje.

Tunachokwambia ni kwamba ile dakika ya majirani kujadiliana haina kanuni inayoitawala. Waache waongee lugha wanayofikiria nayo. Mwenzetu wa kemia alikuwa anahangaika miaka na wanafunzi wanaochanganya kiasi cha kitu na ukali wa mchanganyiko. Akawaachia swali: vijiko viwili vya sukari kwenye kikombe cha chai, vijiko viwili kwenye jagi la chai, kipi kimezidi? Dada mmoja safu ya mbele akajibu kama aliyeulizwa swali la mtoto: "Sukari ni ileile, mwalimu, ila ya kwenye kikombe imekolea." Neno *kukolea* lilikuwa na dhana nzima ndani yake, na kila mtu mle ndani alilijua tangu jikoni kwao. Baada ya hapo mwalimu aliandika ubaoni sentensi tatu za Kiingereza watakazozihitaji kwenye mtihani, wakazisoma, wakazitumia kwenye swali lililofuata. Hapo Kiingereza nacho kilikuwa kimefundishwa, kitu ambacho huwa tunadhani mwanafunzi atakiokota mwenyewe njiani.

Mambo mawili ya kuangalia. Kabla hujabadili lugha, jua nani hayumo. Ukiwa na mwanafunzi kutoka Malawi au Sudan Kusini, jirani mmoja amgeuzie kwa Kiingereza. La pili linatuuma zaidi: wapo wanaotumia Kiingereza kwa somo, na Kiswahili kwa mizaha na kukaripia. Wanafunzi wanajifunza hilo pia, kwamba lugha yao ni ya kuchekea na kugombezewa. Itumie palipo pagumu.

Wanafunzi wangu wanakariri desa (nukuu na majibu yaliyoandaliwa) na kufaulu. Nifanyeje?

Siku ya tatu njoo na mitihani yako ya miaka mitatu. Tunaipanga mezani na kalamu za rangi: nyekundu kwa swali linalotaka kukumbuka tu, bluu kwa linalotaka kutumia maarifa kwenye hali mpya, kijani kwa linalotaka kuchambua au kuamua. Ni ngazi zilezile za kufikiri alizozipanga mtaalamu wa elimu wa Marekani, Benjamin Bloom, na wenzake mwaka 1956, tumezifupisha. Karibu kila mara meza inakuwa nyekundu. "Taja na eleza sababu tano", "taja na eleza faida sita". Halafu mtu anakumbuka kwamba swali la mwaka juzi na la mwaka huu ni lilelile, na majibu yake yanauzwa duka la fotokopi nje ya geti.

Hapo hatumlaumu mwanafunzi. Amesoma kinachoulizwa. Ukibadilisha swali, kusoma nako kunabadilika. Mwenzetu wa kilimo alikuwa na "Taja sababu tano za mmomonyoko wa udongo." Sasa anawapa picha ya shamba la mteremkoni Uluguru, mkulima ana laki tatu na nguvukazi ya watu wawili, achague hatua mbili za kuanza nazo msimu huu na aseme kwa nini nyingine zisubiri. Anayejua sababu tano bado anazihitaji, ila haziishii kwenye kutajwa.

Andika mwongozo wa kusahihisha siku hiyohiyo unayotunga swali. Ukishindwa kuuandika, swali lina kasoro, na ni afadhali uigundue wewe kuliko watu 400 wakiwa ukumbini.

Alama za kosi weki (kazi na majaribio ya ndani ya muhula) nazo msizirundike kwenye jaribio moja kubwa. Watafiti Roediger na Karpicke walionyesha mwaka 2006 kwamba waliosoma habari kisha wakajipima kuikumbuka, baada ya wiki walikumbuka zaidi ya walioirudia kuisoma tu. Swali moja dogo mwanzoni mwa kila kipindi, la jambo la wiki iliyopita, linafanya kazi ambayo jaribio la wiki ya nane haliwezi. Si lazima hata ulisahihishe.

Umeme ukikatika? Projekta ikigoma?

Kila kitu tunachofundisha kinafanyika kwa ubao, chaki na karatasi. Slaidi tunazigusa kwa saa moja tu, na sehemu kubwa ya saa hiyo ni kupunguza maandishi.

Kazi zote sasa zinaandikwa na akili mnemba. Kuna haja ya kutoa kazi za nyumbani?

Ipo, ila si zilezile. Programu za kugundua maandishi ya mashine hukosea, na zikikosea anayeumia ni mwanafunzi aliyekesha akiandika mwenyewe. Omba kazi yenye kitu ambacho mashine haikuwapo kukiona: bei alizokusanya yeye soko la karibu, mahojiano na fundi wa mtaani kwao, vipimo vya maabara vya kikundi chake. Kisha chukua wachache, mmoja mmoja, dakika tano za kueleza mdomo walichoandika. Wakijua yeyote anaweza kuitwa, wengi wanaandika wenyewe.

Fomu za tathmini za wanafunzi zinanivunja moyo. Nizichukulieje?

Kwanza zinakuja mwisho wa muhula, wakati anayelalamika hawezi tena kusaidiwa. Wiki ya nne au ya tano gawa vipande vya karatasi, bila majina, maswali mawili: nini kwenye kozi hii kinakusaidia kujifunza, na nini kinakukwamisha? Kuna njia bora zaidi: mwenzako aje darasani wewe ukiwa umetoka, aongee nao dakika ishirini kwa vikundi, akuletee waliyokubaliana wengi. Kipindi kinachofuata waambie ulichosikia, utakachobadilisha na usichoweza kubadilisha. Hili la mwisho usiliruke. Wakiona maoni yao yamezaa kitu, watakuandikia mambo ya maana, siyo matusi.

Kuna cheti? Kuna posho?

Posho haipo. Chai na chakula cha mchana vipo, na waliotoka nje ya mji nauli na malazi ni juu ya vyuo vyao. Tunajua warsha nyingi zina posho na tunajua mishahara ilivyo, hatumhukumu anayeuliza. Ila kwa siku tatu ndani ya mwezi wa kufundisha, tumeona waliokuja bila posho ndio wanaorudi muhula unaofuata.

Cheti kinatolewa baada ya muhula mmoja wa kutembeleana darasani. Siku ya tatu unaondoka bila karatasi.

Itanisaidia kupanda cheo?

Tuwe wakweli: kwenye vyuo vyetu vingi machapisho ndiyo yenye uzito mkubwa, na warsha haitabadilisha hilo kesho. Unaloweza kufanya ni kuwa na jalada la ufundishaji lenye ushahidi: mtihani wa zamani na uliourekebisha, majibu ya wanafunzi kabla na baada, ripoti ya mwenzako aliyekutembelea. Na ukilifuatilia jambo moja darasani kwako kwa utaratibu, hilo lenyewe ni andiko la kuchapisha.

Baada ya siku tatu inakuwaje?

Hapa ndipo roho ya kazi yetu ilipo, na tulifika hapa kwa kukosea. Miaka ya mwanzo tulikuwa tunafanya warsha kubwa za siku moja. Watu walicheka, walipiga picha, fomu za maoni zikajaa sifa. Miezi mitatu baadaye tukaomba kukaa kwenye madarasa ya baadhi yao. Tulikuta slaidi zilezile, "Tupo pamoja?" ileile. Hawakuwa wavivu. Walirudi peke yao kwenye idara ambayo hakuna aliyejua wanajaribu nini, siku ya kwanza jambo jipya likawaharibikia, na mtu akiwa peke yake hurudi kwenye alichokizoea.

Kwa hiyo sasa tunapokea watu wawili wawili kutoka idara moja. Kila jozi inachagua jambo moja tu la kubadilisha, na wanatembeleana mara mbili kwa muhula. Kabla ya kipindi mnakaa dakika kumi: unataka nikuangalizie nini? Ndani ya kipindi mgeni anaandika safu mbili, anachofanya mwalimu na wanachofanya wanafunzi, pamoja na saa. Maneno kama "vizuri" na "vibaya" hayaruhusiwi. Ukurasa mmoja tulioonyeshwa, kwa ruhusa ya mwenyewe, ulikuwa na mistari hii: "3:10, mwalimu anauliza. 3:10, mwalimu anajibu. 3:11, safu ya nne, msichana anaandika swali kwenye daftari. 3:14, analikata." Mwenye kipindi aliusoma mstari ule wa mwisho mara mbili. Muhula uliofuata alianza kukusanya maswali kwa karatasi kila baada ya dakika ishirini, na hakuna mkufunzi aliyemwagiza.

Mimi ni mkuu wa idara. Naweza kuwatuma walimu wangu wenye tathmini mbaya?

Tafadhali usifanye hivyo. Ukiifanya adhabu, wazuri hawataikaribia na waliotumwa watakaa wamekunja mikono. Mtume unayemheshimu pamoja na mmoja aliye mpya, na ukiweza uje wewe mwenyewe. Usituombe ripoti ya nani alifanya nini. Ukitaka kusaidia, wapangie ratiba ambayo vipindi vyao havigongani, ili waweze kutembeleana.

Kuhusu fedha, mradi wa HEET wa kuboresha elimu ya juu, ulioanza Tanzania mwaka 2021 kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425 umegusa mitaala na mafunzo ya wahadhiri kwenye vyuo vya umma. Kama chuo chako kimo, muulize mratibu. Kama hakimo, chumba chenye viti vinavyosogezwa na ubao vinatosha.

Siku ya kwanza nije na nini?

Muhtasari wa kozi moja, si zote. Mitihani yake ya miaka mitatu. Vitabu vitatu vya majibu ya wanafunzi, vilivyoondolewa majina: mmoja aliyefaulu, mmoja wa katikati, mmoja aliyeshindwa. Simu yenye chaji na nafasi ya video. Mwenzako wa idara. Kompyuta si lazima.

Tunaanza saa 2:30 asubuhi. Saa 3:00 kamili linafundishwa somo la kwanza la dakika kumi, na anayefundisha ni mmoja wetu. Ninyi mnashika kalamu na zile safu mbili.